Kuusimamisha Umri wa Mti: Uzalishaji kwa Tishu na Mbio za Kuboresha Misonobari

Anayezalisha mbegu za mahindi akichavusha msimu huu, msimu ujao anajua alichopata. Anayeboresha miti ya jamii ya misonobari huweza kustaafu kabla hajajua. Sprusi ya kaskazini mwa Ulaya hukaa miaka 20 hadi 30 kabla ya kutoa koni za kutosha, na hata ikishaanza, mwaka mmoja wa neema hufuatwa na miaka kadhaa mitupu. Misindano, ambayo wakulima wengi wa Mufindi na Njombe nchini Tanzania huiita paina, huwahi kuzaa, lakini nayo ina taratibu zake: tangu chavua itue kwenye koni changa hadi mbegu ikomae hupita miaka miwili au zaidi. Hapo ndipo mbegu ipandwe, mche ukue, na mtaalamu asubiri mti uonyeshe wenyewe kama shina lake limenyooka, kama mbao yake ina uzito, kama unastahimili ugonjwa. Katika nchi za baridi, kusubiri huko huchukua miaka 10 hadi 15, na wakati mwingine zaidi.

Kusubiri kunachosha, ila kuna jambo gumu zaidi. Siku mti unapothibitika kuwa bora, umeshazeeka mno kunakiliwa. Kata tawi la msindano wa miaka 15, ulichomeke ardhini, ulimwagilie kwa uangalifu wote: mara nyingi halitoi mizizi. Likitoa, mche wake huendelea kuishi kama tawi, ukilala upande badala ya kusimama. Mche wa mwaka mmoja, ambao vipandikizi vyake vingeota kwa urahisi, bado haujatuambia lolote kuhusu ubora wake. Kwa hiyo ujana na ujuzi havikutani. Mti mchanga unanakilika lakini haujulikani. Mti mzima unajulikana lakini haunakiliki. Misonobari imewatesa wataalamu kwa fundo hili kwa karne nzima, na ndilo fundo ambalo uzalishaji kwa tishu, yaani kukuza miche maabara kutoka vipande vidogo vya mmea, umekuja kulifungua. Wengi huusifu kwa kutoa miche mingi kwa haraka. Sifa hiyo ni ya kweli kwa migomba. Kwa misonobari, wingi ni faida ya pili. Faida ya kwanza ni kwamba maabara imepata njia ya kuusimamisha umri wa mti wakati sisi tunaendelea kuujua.

Njia ya zamani inastahili heshima yake, kwa kuwa hakuna maabara iliyoiondoa. New Zealand ni mfano mzuri. Msindano uitwao Pinus radiata asili yake ni vipande vichache vya pwani ya California na visiwa viwili vya Meksiko, mahali ambapo si mti wa kutajwa kwa mbao. Ulipopelekwa New Zealand ulikua kwa namna ambayo kwao haukuwahi kukua, na leo unachukua takribani sehemu 9 kati ya 10 za mashamba ya miti ya nchi hiyo, ukivunwa ukiwa na miaka 28 hivi. Katika miaka ya 1950, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa misitu ya Rotorua, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Scion, walipita mashambani wakichagua miti teule: mirefu, iliyonyooka, yenye matawi membamba. Walibebesha vikonyo vyake kwenye mashina machanga, wakapanda shamba la mbegu, wakangoja chavua ifanye kazi yake.

Shamba la mbegu lina kasoro mbili. Ya kwanza ni upepo. Chavua ya misonobari husafiri mbali, na katika mashamba ya mbegu ya Sweden na Finland sehemu kubwa ya chavua inayofika kwenye koni hutoka kwenye misitu ya kawaida ya jirani. Baba asiyejulikana huja na kupunguza faida ambayo uteuzi ulikusudia kuileta. New Zealand waliliepuka hilo kwa kuchavusha kwa mikono, koni zikiwa zimefunikwa mifuko, kazi ya gharama ambayo hata hivyo imelipa. Kasoro ya pili haina mfuko wa kuizuia: ndugu wa tumbo moja hawafanani. Ukiwaoanisha wazazi wawili bora kabisa, watoto wao watatawanyika, wengine wakiwapita wazazi na wengine wakibaki nyuma sana. Mbegu inakupa wastani wa familia. Yule mtoto mmoja aliyebahatika kurithi yote mazuri hurudi kupotea katika kizazi kinachofuata, kwa sababu naye akichavushwa jeni zake huchanganywa upya. Kumshika mtoto huyo mmoja na kumzidisha kama alivyo ndiyo maana ya kloni, na wakulima wa chai, kahawa na mkonge wanaijua faida yake kwa vitendo.

Jaribio la kwanza la kuinasa misonobari kwenye chupa lilifuata njia ambayo mimea mingine ilikuwa imeshaizoea. Mwaka 1975 watafiti wa kusini mwa Marekani walieleza jinsi walivyopata miche kutoka viinitete vya msindano wa huko, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 Rotorua walikuwa wakifanya hivyo kwa radiata. Walichukua majani ya mbegu, yale ya kwanza kabisa yanayojitokeza mbegu inapoota, wakayaweka kwenye lishe yenye homoni, nayo yakachipua vichipukizi vingi ambavyo vilikatwa kimoja kimoja na kuoteshwa mizizi. Ilifanya kazi. Lakini kila kichipukizi kilipita mikononi mwa mtu mara kadhaa, na katika misindano ya Pinus taeda kusini mwa Marekani ilionekana shambani kuwa miche hiyo ilizeeka kabla ya wakati: ilikuwa na sura na mwenendo wa miti mikubwa kuliko umri wake. Umri ulikuwa umepenya mpaka ndani ya chupa.

Umri kidogo si laana kila mahali. Wakulima wa radiata wa New Zealand waligundua kwamba vipandikizi vilivyokatwa kwenye miche ya miaka mitatu hivi hutoa mashina yaliyonyooka zaidi kuliko miche ya mbegu. Ila kuna tofauti kati ya umri unaouchagua na umri unaokujia bila kuuita.

Mlango wenyewe ulifunguka mwaka 1985. Katika mwaka huo mmoja, Inger Hakman na Sara von Arnold wa Uppsala, Sweden, na Vladimir Chalupa wa Chekoslovakia, kila upande kwa kazi yake, walitangaza kuwa wamepata viinitete vya sprusi ambavyo havikutokana na uchavushaji. Nchini Kanada, Nagmani na Jan Bonga walipata vya mti wa lariksi. Tangu mwaka 1958 ilikuwa inajulikana kwamba seli za kawaida za karoti, zikilishwa ipasavyo, zinaweza kurudi mwanzo na kuanza kujijenga kuwa mmea mzima. Misonobari ilikuwa imegoma kwa karibu miaka 30.

Siri ilikuwa kuanza mapema mno. Koni huchumwa zikiwa mbichi, mbegu zake zikiwa bado laini. Mbegu husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, hupasuliwa chini ya hadubini, na kiinitete ambacho jicho tupu linakiona kwa shida huwekwa juu ya lishe iliyogandishwa: chumvi za madini, sukari, na homoni za aina mbili, sitokinini na oksini. Oksini inayotumika sana ni 2,4-D, ileile ambayo kwa kipimo kikubwa wakulima wetu huinyunyiza kuua magugu ya majani mapana. Kwa kipimo kidogo kwenye kisahani cha maabara, inafanya kinyume: inazizuia seli zisikue kuelekea kuwa jani au mzizi, zikabaki zinagawanyika tu. Baada ya wiki kadhaa, pembeni ya kiinitete hujitokeza ute mweupe unaong'aa. Ukiutazama kwa hadubini utaona si ute. Ni mamia ya viinitete vidogo, kila kimoja na kichwa cha seli zilizobanana na mkia wa seli ndefu, kila kimoja kikijigawa kuwa vingine.

Kinachonivutia katika hili ni kwamba maabara haikubuni kitu kigeni. Katika mbegu ya misindano mingi, kiinitete hujipasua chenyewe mapema na kuwa ndugu kadhaa wenye jeni zilezile, wakashindana ndani ya mbegu, akabaki mmoja. Wataalamu wameikuta hatua ambayo mti unaipita kwa siku chache, wakaishikilia isipite. Ndiyo sababu dirisha ni jembamba. Kwa misindano, koni zikichumwa wiki chache kabla au baada ya wakati wake, kiinitete hakiitiki tena. Sprusi ina huruma zaidi, kwa kuwa hata mbegu iliyokomaa hukubali.

Ute huo ukitakiwa kuwa miche, oksini huondolewa na kuwekwa asidi ya absisiki, homoni ambayo ndani ya mbegu ya kawaida huiambia mbegu ijaze akiba na kujiandaa kukauka. Pamoja nayo lishe hufanywa kuwa ngumu kunyonyeka, ama kwa kuongeza kigandishi ama kwa kutia polietilini glaikoli, ili seli zihisi kiu. Bila kiu hiyo kiinitete hubaki kilaini na dhaifu. Baada ya miezi miwili au mitatu viinitete husimama juu ya kisahani, vyeupe, kila kimoja kikiwa na taji la majani ya mbegu kichwani. Hukaushwa kiasi, huoteshwa kwenye mwanga, kisha hupelekwa kitaluni kuzoeshwa hewa ya nje, hatua inayoua miche mingi kama unyevu haukusimamiwa vizuri.

Mpaka hapa tumepata wingi tu. Kilichobadilisha mambo kilikuja miaka mitatu baadaye, 1988, pale watafiti wa Saskatoon, Kanada, walipoonyesha kuwa ute wa sprusi nyeupe unaweza kugandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha ukayeyushwa na kuendelea kugawanyika kana kwamba hakuna kilichotokea. Seli huandaliwa kwa sukari ya sobitoli na dawa inayozuia chembe za barafu zisizipasue, zikapozwa taratibu, zikatumbukizwa. Katika baridi hiyo hakuna kemia inayoendelea. Seli haikui, haichoki, haizeeki.

Sasa mfuatano wa kazi unageuka. Mtaalamu anachavusha wazazi wake bora, anachuma koni mbichi, anapata kutoka kila familia makumi ya mistari ya ute, kila mstari ukiwa mtoto mmoja na jeni zake. Kila mstari anaugawa mara mbili. Sehemu moja anaigandisha. Sehemu ya pili anaigeuza miche michache, anaipanda kwenye mashamba ya majaribio yenye udongo na mvua tofauti, na kungoja. Baada ya miaka minane au kumi, mti namba fulani unaonekana kuwashinda wenzake kila ulipopandwa. Zamani hapo ndipo msiba ungeanza: kuubebesha, kuanzisha shamba jipya la mbegu, kungoja mwongo mwingine, na mwisho kuvuna watoto wasiofanana naye. Sasa anakwenda kwenye tangi, anatoa kichupa chenye namba ile ile, na ndani yake kuna mti huohuo ukiwa bado haujazaliwa. Ndani ya miaka miwili au mitatu miche ya kupandwa iko tayari. Kilichookolewa ni ule mwongo wa shamba la mbegu, pamoja na hasara ya kuchanganya jeni upya.

Kuna faida nyingine ambayo hutajwa kwa nadra. Kwa kuwa kila mstari umepandwa nakala nyingi mahali pengi, mtaalamu hapimi tena mti mmoja uliobahatika kuangukia udongo mzuri. Anapima jeni zenyewe, akiwa ameutenga mchango wa bahati. Uteuzi unakuwa sahihi zaidi hata kabla ya kuzidisha mche mmoja wa kuuza.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa maana matangazo mengi ya miche ya tishu hupaficha. Kuzalisha kwa tishu hakuufanyi mti kuwa bora. Wala hakufupishi kizazi chenyewe cha uboreshaji: ili kupata watoto bora kuliko hawa, lazima hawa wafikie kuzaa na wachavushwe. Kinachofupishwa ni njia kutoka kwa mti bora hadi kwenye shamba la mkulima. Anayetaka kufupisha kizazi ana zana nyingine, kama kubebesha vikonyo vichanga juu ya matawi ya miti iliyokwisha kuanza kuzaa, au kuchochea koni kwa homoni ya gibarelini. Na ana zana moja kubwa zaidi, ambayo ni kusoma jeni.

Jenomu ya sprusi ilisomwa na kutangazwa mwaka 2013 na kundi lililoongozwa kutoka Umeå, Sweden. Ina herufi takribani bilioni 20, karibu mara 7 ya jenomu ya binadamu. Ya Pinus taeda, bilioni 22, ilifuata mwaka 2014. Hazina hiyo imejaa marudio yasiyo na kazi inayojulikana, na hakuna jeni moja ya urefu au ya mbao nzuri ya kuitafuta humo. Kinachofanyika ni kupima alama elfu nyingi za jenomu kwenye miti ambayo tayari imepimwa shambani, kuiachia hesabu ijifunze uhusiano wake, kisha kukadiria ubora wa mti mchanga kwa kipande kidogo cha tishu yake. Quebec, New Zealand na kusini mwa Marekani wamejaribu njia hii kwa uzito. Ikiunganishwa na viinitete, nguvu yake inaonekana wazi: ute unaweza kukadiriwa ungali kwenye kisahani, mistari isiyofaa ikatupwa kabla ya kugharamiwa, na mistari michache iliyobaki ikaenda shambani mapema. Ni makadirio tu, na yanapungua usahihi kadiri kizazi kinavyosogea mbali na miti iliyotumika kufundishia hesabu. Mashamba ya majaribio hayataachwa. Atakayeyaacha atakuwa anauza ahadi.

Kama njia ni nzuri hivi, mbona misitu ya dunia bado inapandwa kwa mbegu? Sweden hupanda takribani miche milioni 400 kwa mwaka, kusini mwa Marekani karibu bilioni moja, na ile ya tishu ni sehemu ndogo sana. Jibu liko kwenye mikono. Kiinitete kilichokomaa lazima kichaguliwe, kiokotwe kwa kibano, kipangwe, kihamishwe, na kila mguso unalipiwa mshahara wa nchi tajiri. Mche unaopatikana hugharimu mara kadhaa ya mche wa mbegu, na mwenye msitu anaulipia leo ili faida imfikie baada ya miaka 25 au 60. Riba peke yake inatosha kumkatisha tamaa. Kampuni ya CellFor ya Kanada, iliyokuwa miongoni mwa zilizotangulia duniani katika kuuza miche ya aina hii, ilianguka mwaka 2012 na mali zake zikanunuliwa na ArborGen ya Marekani. Mpinzani aliyeshinda sokoni kusini mwa Marekani ni yule wa zamani, uchavushaji kwa mikono na mifuko, uliorahisishwa kiasi cha kutoa mbegu nyingi. Haumshiki mtoto mmoja bora, lakini unamshika baba, na bei yake inavumilika.

Wanaoendelea wamejaribu njia mbili za kuwaondoa watu kwenye mnyororo. Weyerhaeuser ya Marekani ilitumia miaka mingi kubuni mbegu ya kutengenezwa, kiinitete kikifungwa ndani ya ganda bandia pamoja na chakula chake, ili kitalu kiipande kama mbegu yoyote. Umeå wameunda mashine ambazo huvisambaza viinitete ndani ya mkondo wa maji, kamera ikavitazama kimoja kimoja na kuvipanga vyenye umbo zuri. Zote mbili ni kazi ya kuheshimiwa. Ila njia iliyonishawishi zaidi ni ya kawaida kuliko hizo. Radiata ya New Zealand na sprusi ya Sitka ya Ireland zimeonyesha kuwa si lazima kila mche utoke kwenye kisahani. Maabara itoe miche michache ya kila kloni bora, ipandwe kitaluni kama mama, ikatwe ibaki mifupi kama chai, na kila mwaka itoe vipandikizi ambavyo wafanyakazi wa kitalu wanajua kuviotesha mizizi. Mama wakianza kuzeeka hung'olewa, na maabara hutoa wengine kutoka kwenye tangi. Gharama ya kiinitete kimoja inagawanywa kwa mamia ya vipandikizi.

Kizuizi kingine kinahusu jeni zenyewe, na sioni kikipewa uzito wake. Mistari yote haikubali maabara. Familia moja inatoa ute kwa nusu ya mbegu zake, nyingine haitoi kabisa. Mstari unaotoa ute huenda ukashindwa kukomaa, uliokomaa ukashindwa kuota, ulioota ukafa kitaluni. Kila hatua ni chujio, na chujio hilo halijui lolote kuhusu mbao wala magonjwa. Likiachwa lifanye kazi lenyewe, tutajikuta tumechagua miti inayopenda visahani. Dawa yake ni kuanza na mistari mingi kutoka familia nyingi, na kurekebisha lishe kwa ajili ya familia ngumu badala ya kuzitelekeza. Aidha, ute unaokaa muda mrefu ukilishwa tena na tena hupoteza uwezo wake na huanza kupata kasoro, kwa hiyo kuugandisha mapema ni lazima ya kitaalamu.

Ndoto ya kuuruka ujana kabisa, yaani kuchukua tishu ya mti mkubwa uliothibitika na kuurudisha utotoni, haijatimia kwa upana. Mwaka 2011 Krystyna Klimaszewska na wenzake wa Quebec walifanikiwa kupata viinitete kutoka vichipukizi vya sprusi nyeupe za miaka 10, miti ambayo yenyewe ilikuwa imezaliwa maabara. Ni mafanikio makubwa, ya miti michache iliyokubali. Kwa misindano mikubwa hali ni ngumu zaidi. Mpaka siku hiyo ifike, tangi la nitrojeni ndilo daraja tulilo nalo.

Hofu kubwa ya wasomaji wengi itakuwa ufanano. Msitu wa kloni moja ukipatwa na ugonjwa, unapatwa wote. Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa jambo hili kwa nadharia. Pinus radiata hiihii iliyoitajirisha New Zealand ilipandwa Kenya na Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuvu wa Dothistroma, anayeacha mikanda myekundu kwenye sindano za mti kabla ya kuzikausha, alienea kwa kasi kiasi kwamba upandaji wa mti huo uliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Pinus patula wa Meksiko. Baadaye kidukari wa misaipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986, alifika Kenya mwaka 1990 na kukausha mashamba makubwa.

Tazama lakini: radiata ile ilikuwa imepandwa kwa mbegu. Miti haikuwa kloni, na tofauti zake za jeni hazikuiokoa, kwa kuwa spishi nzima ilikuwa mgeni asiye na kinga katika mvua na joto la nyanda zetu. New Zealand nao walifikiwa na kuvu huyohuyo katika miaka hiyohiyo ya 1960, wakamkabili kwa kunyunyiza shaba kwa ndege, huku wakitafuta familia zinazostahimili na kuziingiza kwenye uboreshaji wao. Walichokuwa nacho wao ni idadi kubwa ya familia zilizoandikwa na kupimwa, wakaweza kutafuta ndani yake. Kinachokinga msitu ni upana wa hazina iliyo nyuma yake, na kloni haiupunguzi upana huo mpaka mtu aamue kuupunguza. William Libby wa Berkeley alihoji mwaka 1982 idadi ya kloni iliyo salama katika shamba moja, akaonyesha kuwa kloni 7 hadi 25 zinatosha katika hali nyingi, na kwamba mbili au tatu zinaweza kuwa mbaya kuliko moja. Sheria ya misitu ya Sweden nayo huweka ukomo wa sehemu ya ardhi ambayo mmiliki anaweza kuipanda kwa miche isiyotokana na mbegu. Mimi naunga mkono ukomo wa aina hiyo, na ningeongeza sharti moja: anayeuza miche ya kloni amwambie mnunuzi ni kloni ngapi zimo na zimejaribiwa wapi.

Basi tishu ina nafasi gani kwenye misindano ya Afrika Mashariki? Si swali la kufikirika. Shamba la Sao Hill na maelfu ya wakulima wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete wanapanda patula kwa ajili ya mbao, na wakulima wengi wanavuna mapema kwa kusukumwa na ada na mahitaji ya nyumbani. Afrika Kusini walishapata viinitete vya patula maabara tangu mwaka 1993, kwa hiyo mti wenyewe hauna kiburi. Halafu upo ugonjwa. Kuvu wa Fusarium circinatum aligunduliwa kwenye miche ya patula katika kitalu cha Ngodwana, Afrika Kusini, mwaka 1990, na tangu hapo amesababisha vifo vingi sana vya miche na miti michanga nchini humo. Jibu lao limekuwa kuchanganya patula na Pinus tecunumanii wa Amerika ya Kati, chotara anayestahimili zaidi. Mbegu za chotara huyo ni za shida kupata kwa mkono, na ndiyo maana huzidishwa kwa vipandikizi kutoka kwa mama waliokatwa wafupi. Mahali kama hapo, ambapo mbegu ni haba na kila moja ni ya thamani, uzalishaji kwa viinitete unajieleza wenyewe bila mtetezi.

Lakini maabara haiwezi kutangulia. Kenya ilipoanza kuzidisha mikaratusi chotara kwa kloni mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipokea kloni ambazo Afrika Kusini ilikuwa imeshazizalisha kwa uboreshaji wake wa muda mrefu. Maabara ya misindano ingezidisha nini leo? Mbegu nyingi zinazopandwa na wakulima wadogo wa nyanda za juu kusini hukusanywa kwenye miti iliyo karibu na njia, mara nyingi ile mifupi yenye matawi mengi kwa sababu ndiyo rahisi kukwewa na mkusanyaji. Ukiziweka hizo kwenye kisahani utapata nakala safi kabisa za mti mbovu. Kinachopaswa kutangulia ni familia mia kadhaa za patula, tecunumanii na machotara yao, zikiwa zimepandwa na kupimwa kwa miaka kwenye udongo wa Iringa, Njombe, Mbeya na nyanda za juu za Kenya, kumbukumbu zake zikitunzwa na taasisi za utafiti wa misitu za Tanzania (TAFORI) na Kenya (KEFRI) hata pale mradi wa mfadhili unapokwisha. Majaribio kama hayo yamewahi kupandwa na mengine yapo. Yanayokosekana mara nyingi ni fedha ya kurudi kuyapima mwaka wa tano, wa nane, wa kumi.

Wakati huo huo vitalu vinaweza kujifunza vipandikizi vya misindano michanga, kazi isiyohitaji chumba chenye hewa iliyochujwa wala umeme usiokatika. Tangi la nitrojeni nalo linaweza kuwekwa mapema kuliko maabara kamili, kwa kuwa nitrojeni ya kimiminika tayari inasafirishwa vijijini kwa ajili ya uhimilishaji wa ng'ombe. Familia bora zikichavushwa leo, ute wake ukagandishwa leo na miche yake ikaenda majaribio leo, miaka kumi ijayo uamuzi wa kujenga au kutojenga maabara kubwa ya kuzidishia utafanywa na watu wenye takwimu mkononi na miti michanga kwenye tangi. Tukisubiri majaribio yaishe ndipo tufikirie kugandisha, miti itakayoshinda itakuwa imeshakomaa, na vipandikizi vyake vitakuwa vimeanza kulala upande.